Nyumba ya Kazi si Nyumba ya Uzeeni

Siku askari anaporudisha silaha yake ghalani kwa mara ya mwisho, mtunza ghala huandika katika daftari kila kitu alichopokea: bunduki, mikanda, mablanketi, kofia ya chuma. Kuna kitu kimoja kisichoandikwa katika daftari hilo, nacho ni ufunguo wa nyumba. Huo hurudishwa katika ofisi nyingine, pengine siku nyingine, na aghalabu mkono unaourudisha ni wa mke aliyekwisha kufunga mizigo, huku watoto wakiuliza wanahamia wapi.

Ndugu zetu askari na polisi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa uchungu wa siku hiyo. Wapo walioiona kwa baba zao, na wapo ambao imewakaribia wao wenyewe. Leo tumeona vema tulitazame jambo hili kwa kupitia nchi ya mbali, Uingereza. Hatusemi kwamba wenzetu wa huko wamelimaliza tatizo, la hasha. Lakini wameishi nalo kwa muda mrefu, walikosea mara moja kwa hasara kubwa, na hesabu zao zi wazi kwa kila atakaye kuzisoma.

KAMBI ILIYOGEUKA MTAA

Kiasi cha kilomita 60 kusini-magharibi ya London, katika mkoa wa Hampshire, kuna mahali paitwapo Church Crookham, panapopakana na mji mdogo wa Fleet. Si mji kamili, wala si shamba. Mtu akitoka kwake asubuhi aweza kupanda gari la moshi katika stesheni ya Fleet akaenda kazini London; na jioni aweza kutembea kando ya mfereji wa Basingstoke, uliomalizika kuchimbwa mwaka 1794 kwa ajili ya mashua za mizigo, ambao siku hizi ni wa matembezi na mashua za starehe. Upande mmoja pana maduka na shule. Upande wa pili pana misonobari, vichaka na udongo wa kichanga usiofaa sana kwa kilimo.

Udongo huo mbovu kwa mkulima ulikuwa mzuri kwa jeshi. Mwaka 1854 jeshi la Uingereza lilianza kujenga kambi yake kubwa karibu na kijiji cha Aldershot, na tangu hapo nyika zote za jirani zikawa viwanja vya mazoezi. Hata leo askari hufanya mazoezi huko, na pasipo na mazoezi raia hutembea na mbwa wao. Katika uwanja wa farasi wa Tweseldown, ulioanzishwa na wanajeshi katika karne ya 19, yalifanyika baadhi ya mashindano ya farasi ya Olimpiki ya mwaka 1948.

Ndani ya Church Crookham kwenyewe palikuwa na kambi iliyojengwa kabla kidogo ya Vita Kuu ya Pili. Kwa miaka mingi ilifundisha askari wa tiba. Kuanzia miaka ya 1970 ikawa makao ya Magurkha, wale askari mashuhuri kutoka milima ya Nepal wanaolitumikia jeshi la Uingereza tangu zama za ukoloni wa Bara Hindi. Mwaka 2000 Magurkha waliondoka wakahamishiwa pwani, upande wa Folkestone. Kambi ikabaki tupu, ikabomolewa, na mahali pake pakajengwa mamia ya nyumba za raia. Mtaa huo mpya unaitwa Crookham Park.

Magurkha wenyewe walipata wapi pa kukaa? Kwa miaka mingi Gurkha aliyestaafu alitarajiwa kurudi kwao Nepal. Sheria ililegezwa mwaka 2004 kwa wale waliostaafu baada ya Julai 1997. Waliostaafu kabla ya hapo walipigania haki yao mahakamani na mbele ya Bunge, na mwaka 2009 serikali ilikubali kwamba kila aliyetumikia angalau miaka minne aweza kuhamia Uingereza. Wengi walifika Aldershot na miji ya jirani wakiwa wazee, bila akiba ya kununulia nyumba katika moja ya sehemu zenye nyumba ghali nchini humo. Pale ambapo vijana wao walikuwa wakipanga foleni ya chakula, sasa nyumba huuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni.

NYUMBA 57,000 ZILIZOUZWA

Mgurkha hakuwa peke yake. Askari Mwingereza naye, tangu anapooa, aweza kupewa nyumba ya jeshi kwa kodi nafuu. Nyumba hiyo humfuata cheo na kituo: leo Hampshire, kesho Yorkshire, keshokutwa Kupro. Ni msaada mkubwa, lakini ni msaada unaolewesha. Mtu hukaa miaka 15 bila kujifunza bei ya tofali.

Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuza nyumba za familia za askari zipatazo 57,000 kwa kampuni ya Annington, kwa bei ya pauni bilioni 1.66, kisha ikazikodi tena nyumba zile zile ili askari waendelee kukaa. Fedha zilipatikana upesi. Baadaye bei za nyumba zikapanda mno, na faida ikaenda kwa mnunuzi. Mwaka 2018 Ofisi ya Ukaguzi ya Taifa ilikadiria kwamba walipa kodi walikuwa wamepata hasara ya kati ya pauni bilioni 2.2 na bilioni 4.2 kwa biashara hiyo. Mnamo Januari 2025 serikali ilizinunua tena nyumba 36,347 kwa kiasi cha pauni bilioni 6.

Tutazame sana jambo hili, maana lina somo kwa wizara na kwa koplo vilevile. Ikiwa serikali nzima, yenye wanasheria na wahasibu wake, yaweza kuumizwa kwa kuuza nyumba na kuwa mpangaji, sembuse mtu mmoja mwenye mshahara mmoja? Anayepanga hulipa kila mwezi na hana chake. Na anayechelewa kununua hununua kwa bei ya waliomtangulia kuamka.

HESABU YA KOPLO

Serikali ya Uingereza ililitambua hilo. Mwaka 2014 ilianzisha mpango wa kuwasaidia wanajeshi kununua nyumba, na kuanzia mwaka 2023 mpango huo umefanywa kuwa wa kudumu. Askari aliyetimiza masharti ya utumishi aweza kukopeshwa nusu ya mshahara wake wa mwaka, lakini si zaidi ya pauni 25,000, bila riba, naye hulipa kwa muda wa miaka 10 kutoka katika mshahara.

Tuchukue koplo wa mfano tu, mwenye miaka 30, ambaye mshahara wake tuseme ni pauni 40,000 kwa mwaka. Mkewe anafanya kazi na kupata pauni 30,000. Benki za Uingereza, kwa kawaida, hukopesha kiasi cha mara nne na nusu ya mapato. Basi mapato yao ya pauni 70,000 yatawapatia mkopo wa rehani wa pauni 315,000. Jeshi litamkopesha koplo pauni 20,000. Wao wenyewe wameweka akiba ya pauni 15,000. Jumla wana pauni 350,000.

Katika wilaya ya Hart, ambamo Church Crookham imo, wastani wa bei za nyumba katika miaka hii umepita pauni 400,000. Kwa hiyo nyumba ya wastani hawaiwezi. Watatafuta iliyo ndogo, tuseme ya pauni 340,000. Ushuru wa stempu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, haulipwi kwa pauni 300,000 za kwanza. Kwa zinazobaki 40,000 hulipwa asilimia 5, yaani pauni 2,000. Zitabaki pauni 8,000 za wakili, mkaguzi wa jengo, bima na gari la kuhamisha vyombo.

Sasa tutazame mzigo wenyewe. Mkopo wa pauni 315,000 kwa riba ya asilimia 5, ukilipwa kwa miaka 30, unadai takriban pauni 1,690 kila mwezi. Riba ikipanda hadi asilimia 6, malipo yanafika karibu pauni 1,890. Juu yake kuna pauni 167 za deni la jeshi, na kodi ya halmashauri, ambayo hutozwa kwa madaraja manane kufuatana na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo mwaka 1991.

Tena kuna jambo la umri. Kwa desturi ya muda mrefu, utumishi kamili wa askari wa Uingereza ulihesabiwa miaka 22. Koplo wetu aliyeingia jeshini akiwa na miaka 18 atakuwa na miaka 40 siku ya kuondoka, na mkopo wake utakuwa bado na miaka 20. Sare itakwisha kabla ya deni. Ndiyo maana anayenunua hana budi kujua mapema atafanya kazi gani baada ya jeshi, na mahali anaponunua pana kazi hiyo au hapana.

UPELELEZI KABLA YA SHAMBULIO

Hakuna kamanda apelekaye kikosi mahali asipopapeleleza. Lakini wapo watu wengi waliokwenda kuitazama nyumba mara moja, siku ya jua, maua yakiwa yamechanua, wakatoa fedha za maisha yao yote. Mahali pa nusu mji na nusu shamba panahitaji upelelezi wa namna yake.

Kwanza ni joto na maji machafu. Katika vijiji vingi vya Uingereza bomba la gesi halifiki. Nyumba hupashwa moto kwa mafuta yaletwayo na lori na kuwekwa katika tangi uani, na mnunuzi lazima aulize tangi hilo lina umri gani. Vilevile nyumba nyingine hazina bomba la maji machafu la umma, bali zina shimo lake. Tangu tarehe 1 Januari 2020 ni marufuku kwa shimo la namna hiyo kumwaga maji yake moja kwa moja mtoni au katika mfereji wa juu ya ardhi. Asiyeuliza kabla ya kununua huja kuchimba na kulipa baada ya kununua.

Pili ni maji ya mvua. Serikali ina ramani za mafuriko zinazoonwa bure na kila mtu, za mito na za maji yanayotuama. Kuisoma ramani ni kazi ambayo askari hahitaji kufundishwa.

Tatu ni haki za wengine. Uingereza ina njia za miguu za umma ambazo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1949, huandikwa katika ramani rasmi. Njia hiyo yaweza kupita katikati ya shamba lako au kando ya dirisha la jikoni, na mwenye nyumba haruhusiwi kuifunga. Mti mkubwa ulio bustanini waweza kuwa umelindwa na amri ya halmashauri. Nyumba ya kale yaweza kuwa katika orodha ya majengo ya historia, ambayo hata dirisha lake halibadilishwi ovyo bila kibali.

Nne ni ndege. Msomaji asicheke. Nyika zinazozunguka Church Crookham zimelindwa rasmi tangu mwaka 2005 kwa ajili ya aina tatu za ndege adimu, ambao hutaga chini au katika vichaka vifupi ambako paka na mbwa huwafikia kwa urahisi. Kwa hiyo, kwa kawaida, hakuna nyumba mpya iruhusiwayo kujengwa ndani ya mita 400 kutoka mpaka wa nyika hizo; na hadi kilomita 5 mjenzi hutakiwa kuandaa bustani nyingine ya matembezi ili watu wasijazane nyikani. Anayetaka utulivu hufurahia sheria hiyo, maana aliyeko ukingoni ana hakika kubwa zaidi kwamba mandhari yake haitazibwa. Anayetarajia kujenga nyumba ya pili uani kwake huhuzunika. Ni vema kila mmoja ajue amesimama upande gani kabla ya kutoa fedha.

Mwisho wa upelelezi ni basi. Kijiji huvutia sana mchana wa Jumamosi ukiwa na gari. Aende mtu siku ya kazi, asubuhi, bila gari, aone kama mke au mtoto wake aweza kufika kazini na shuleni wakati yeye yuko ng'ambo kikazi.

NENO LA MDOMO SI MKATABA

Kuna jambo ambalo humshangaza mgeni. Katika Uingereza yenyewe, ukiacha Scotland ambayo ina sheria zake, mnunuzi na muuzaji waweza kukubaliana bei na kupeana mikono, na bado hakuna aliyefungwa na lolote. Sheria ya mwaka 1989 inasema mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi na utiwe saini na pande zote. Kati ya kupeana mikono na kubadilishana mikataba zaweza kupita wiki nyingi, na katika wiki hizo muuzaji aweza kukubali bei kubwa zaidi ya mtu mwingine. Mnunuzi aliyekwisha kumlipa wakili na mkaguzi hupoteza fedha zake bila kupata kitu.

Tena wauzaji wengi wenyewe wanasubiri kununua kwingine, na huko kwingine muuzaji anasubiri pengine. Ni mnyororo. Pete moja ikikatika, familia nne au tano hubaki na mizigo iliyofungwa. Kwa askari mwenye amri ya uhamisho mkononi, hilo ni pigo kubwa kuliko kwa raia.

Kinga yake ni utaratibu. Dalali wa nyumba, hata awe mpole namna gani, hulipwa na muuzaji, naye hutumikia anayemlipa. Mnunuzi ana watu wake wawili. Wa kwanza ni mkaguzi wa majengo, ambaye hutazama paa, nyufa na unyevu ukutani. Wa pili ni wakili, ambaye huuliza halmashauri na kampuni ya maji maswali yote tuliyoyataja, na huchunguza umiliki. Huchunguza pia kama nyumba ni ya umiliki kamili pamoja na ardhi yake, au ni ya kukodi kwa miaka mingi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za ghorofa. Na katika mitaa mipya huuliza kama kuna ada ya kila mwaka ya kutunza barabara na bustani za mtaa, maana ada hiyo yaweza kumfuata hata mwenye umiliki kamili.

Mikataba ikishabadilishwa, mlango umefungwa nyuma. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei, au chini ya hapo wakipatana, na akirudi nyuma fedha hiyo huipoteza. Tangu saa hiyo mara nyingi hasara ya moto au mafuriko ni yake, kwa hiyo bima haingoji siku ya kuhamia. Siku ya kumaliza malipo ndipo ufunguo hutolewa. Kisha jina la mnunuzi huandikwa katika Masjala ya Ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1862, na tangu Desemba 1990 kila ardhi inayouzwa Uingereza na Wales lazima iandikishwe humo. Mtu yeyote, kwa ada ndogo, aweza kuangalia nani mwenye kiwanja. Ardhi iliyoandikishwa ni vigumu kuiuza mara mbili.

SOMO LINALOTUHUSU

Baada ya ufunguo kuna majirani. Kijiji cha Kiingereza kina halmashauri yake ndogo, ambayo wajumbe wake hawalipwi mshahara, na mambo yake ni taa, viwanja vya michezo, vijia na maoni juu ya kila ombi la kujenga. Askari aliyezoea kupokea amri na kuhama kabla ya kujua jina la jirani hupata hapo shule mpya. Hapandishwi cheo mtaani kwa urefu wa utumishi. Hujulikana kwa kukata ua wake, kuhudhuria mkutano, na kusalimu. Watoto wake, ambao pengine wamebadilisha shule mara tatu au nne, hupata marafiki ambao hawatawaaga mwakani. Kwa wazazi wengi hilo pekee limetosha kuwa sababu ya kununua.

Kwetu Uganda sheria ni nyingine. Ardhi yetu ni ya kimila, ya mailo, ya umiliki huru au ya kukodi, na mishahara yetu si ya pauni. Lakini maswali yale yale yanatungoja. Nani mwenye kiwanja kwa kweli, na umeliona jina lake katika masjala kwa macho yako mwenyewe? Nani ana haki ya kupita au kukaa humo? Maji ya masika yanakwenda wapi? Deni litakwisha lini, na sare itakwisha lini? Afande mwenye miaka 25 akijiuliza hayo leo, ana muda wa kuyajibu moja moja. Akijiuliza wiki ya kustaafu, atajibiwa na dalali.

Mjini Aldershot wapo wazee wa Kigurkha waliolitumikia jeshi kwa uaminifu wa ajabu, na kilomita chache kutoka hapo kambi waliyoipenda imekuwa mtaa wa watu wengine. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Ujana wao uliishia chini ya paa la kazi, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia mapema kwamba paa hilo ni la kurudishwa. Sisi tumekwisha kuambiwa. Basi kila mmoja wetu, ajapo kuitundika sare yake jioni ya leo, autazame ufunguo ulio mfukoni, ajiulize ni wa nani.